Pasaka imeshaliwa, tuendeleeje? Somo kwa wanajumuiya wa Malindi

Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa Machi 31, na Idi ikafuata siku kama kumi baadaye. Jirani yangu hapa Shella alisherehekea na wanawe, na mahamri na mbaazi wakatuletea. Baada ya siku mbili nikamkaribisha chai, akaniambia anafunga sita. Siku sita za Mfunguo Mosi, yaani Shawali, mwezi mtukufu ukiwa umeshapita. Nilirudi ndani nikaliona tawi langu la Jumapili ya Matawi limekauka juu ya mlango. Alfajiri zangu za sala nazo zilikuwa zimekauka vilevile, tangu Jumatatu ya Pasaka.

Mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea Goa, India. Kwenye barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja wa mji huu alimlalamikia: misikiti ipo 17, lakini watu wanakwenda mitatu tu. Kisha akamuuliza kama kwetu Wakristo nako ibada imepoa hivyo. Nikipita kile kikanisa kidogo cha Wareno, swali hilo hunijia, na naona ni langu. Basi tuanze: mambo matano ya kutusaidia mazoea ya Kwaresima yasikauke baada ya Pasaka.

Kwanza, chagua jambo moja. Kwaresima tulikuwa na Njia ya Msalaba kila Ijumaa, mfungo, bahasha ya sadaka na mafungo ya parokia. Ukitaka kuvibeba vyote hadi Majilio, utaviangusha vyote kabla ya Pentekoste. Shika kimoja.

Pili, kifunge kwenye saa ambayo tayari unayo. Danieli alisali mara tatu kwa siku, dirisha likiwa wazi, na saa zake zilijulikana hata na adui zake. Wewe una sufuria ya chai asubuhi: likiwa linachemka, soma zaburi moja. Una saa sita mchana: kipindi hiki cha Pasaka sali Malkia wa Mbingu, na baada ya Pentekoste urudie Malaika wa Bwana. Usiseme “nikipata nafasi”.

Tatu, jichunguze kila usiku. Hapa ndipo ningependa tukae zaidi. Ignasi wa Loyola, mwenzake Ksaveri, aliwafundisha watu njia hii na inatosha dakika kumi. Mshukuru Mungu kwa mambo ya siku hiyo, ukiyataja. Omba mwanga wake. Ipitie siku tangu ulipoamka, saa baada ya saa. Omba msamaha palipoharibika. Mwisho itazame kesho. Mimi hukaa barazani, taa nimezima. Usiku mmoja, nikiwa naipitia asubuhi yangu, nikaisikia sauti niliyomtolea mama anayeuza mchicha kwa ajili ya shilingi kumi. Mchana niliona nina haki. Gizani haki yangu sikuiona tena. Niliona vidole vyake vikihesabu chenji upya, polepole, mbele ya watu. Kesho yake nikaenda kumwomba radhi. Yeye alikuwa ameshasahau, lakini mimi nilihitaji kwenda.

Nne, sadaka ifuate msimu. Baada ya Pasaka mvua za masika zinaingia, kusi inaanza kuvuma, bahari inachafuka, na hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu. Usijiwekee kiasi cha Januari. Weka kopo jikoni: siku yenye shilingi ishirini, tia ishirini, siku isiyo na kitu, toa kibaba cha unga kwa aliye na njaa kuliko wewe.

Tano, mwambie mtu mmoja. Mmoja tu, atakayekuuliza.

Maswali ya wanajumuiya

*Mama wa Muyeye: Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Naweza kuendelea kufunga chakula sasa hivi?*

Milele na milele, amina, mama. Siku hizi 50 hadi Pentekoste ni za furaha. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliagiza hata watu wasali wamesimama, wasipige magoti. Lakini katika sheria yetu Wakatoliki kila Ijumaa ya mwaka ni siku ya toba, isipoangukia sherehe kuu. Anza na Ijumaa, uache nyama au kitu unachokipenda. Mfungo mzito uache mpaka Pentekoste ipite.

*Baba wa Barani: Nina sukari na nameza dawa pamoja na chakula. Mfungo si wangu?*

Wa chakula usiufunge bila daktari wako kuridhia, mzee wangu, na Kanisa halimlazimishi mgonjwa. Funga simu baada ya chakula cha jioni. Funga kusema watu. Isaya 58 inaeleza mfungo ambao si wa kuacha chakula tu.

*Kijana wa Maweni: Hoteli imetusimamisha mpaka Julai. Saa za kazi zilikuwa zinanishikilia, sasa siku nzima ni moja tu.*

Pole sana, mdogo wangu. Usiitafute saa peke yako. Misa ya asubuhi ina saa yake, nenda hata mara mbili kwa wiki, na ukitoka pitia kwangu tunywe chai.

*Dada wa Mambrui: Nimeanza kujichunguza, nikakosa usiku nne. Nizilipe?*

Hapana, dada. Anza na leo. Na kopo uliloniulizia lipo, la maziwa ya unga, kifuniko chake bado kinashika. Nitakupa Jumapili.