Kabla hujamnunulia mtoto hamsta mdogo, soma hapa kwanza

Wazazi wenzangu tulioko Ulaya huku, najua mtoto akishaona hamsta (kale kamnyama ka kufugwa kanakofanana na panya) kwa rafiki yake anarudi na wimbo mmoja tu. Sawa mnunulie, ila hawa wa kibeti sio wa kukumbatia, ni wa kuangalia, na ukilikubali hilo mapema mengine yote yanakuwa mepesi.

Madukani utakutana hasa na aina tatu. Campbell na winter white wanafika kama sentimita 8 mpaka 10, Roborovski ndo mdogo kuliko wote, sentimita 4 au 5, uzito gramu 20 na kitu, ana vinyusi vyeupe na mbio zake ni balaa, humkamati. Winter white asili yake Siberia na Kazakhstan, siku zikiwa fupi anaweza kubadilika manyoya yakawa meupe, so ukiona hivo Desemba usikimbilie kwa daktari. Umri wao ni mwaka na nusu hadi miwili, Roborovski anaweza kugusa mitatu, mwambie mtoto ukweli mapema.

Nyumba yake sasa. Vile vikeji vya rangirangi vyenye mirija achana navyo kabisa, ni vidogo mno. Lenga eneo la sentimita 100 kwa 50, tangi la samaki la zamani lenye mfuniko wa wavu linafaa sana maana Roborovski anapenya katikati ya nyaya za keji ambazo hukudhania kabisa. Humo ndani jaza maranda ya mti wa aspen au karatasi iliyosagwa, na usimwage kiduchu, weka kina cha sentimita 20 na zaidi kwa sababu kwao wanaishi kwenye mashimo, bila kuchimba wanakosa raha wanaanza kung'ata nyaya za keji usiku kucha. Maranda ya mwerezi hapana, harufu yake inaumiza mapafu. Pamba za kulalia nazo hapana, zinamnasa miguu na akizimeza zinaziba tumbo, mchanie tishu isiyo na manukato inatosha. Muwekee na bakuli la mchanga safi (mchanga, sio ule wa vumbi kama unga), utamuona anajigaragaza mgongo chini miguu juu mpaka manyoya yanatakata, na wengi wanakojoa humohumo kwa hiyo unachekecha tu. Usimuogeshe kwa maji. Gurudumu la kukimbilia liwe na kipenyo cha kama sentimita 20 na lisiwe na matundu ya kunasa mguu, akikimbia mgongo umepinda ujue ni dogo.

Ukisafisha toa sehemu iliyolowa tu, ukibadilisha yote kwa mpigo harufu yake inapotea na anachanganyikiwa.

Chakula ni mchanganyiko wa mbegu, kijiko kimoja cha chai kwa siku, na mara mojamoja kipande cha yai la kuchemsha. Atajaza mashavuni akafiche, sio kwamba kamaliza. Matunda msiyazoee, hasa kwa Campbell maana kisukari kinawapata sana, ukiona anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa hovyo mpeleke akapimwe. Vitunguu, machungwa na chokoleti ni marufuku.

Muuzaji atakwambia chukua wawili wasiwe wapweke. Mi nasema chukua mmoja, wanaweza kukaa vizuri miezi alafu siku moja ukakuta damu, na akikosea jinsia ndani ya wiki tatu una familia.

Joto liwe 18 mpaka 24. Likizidi 30 hali ni mbaya, kwa hiyo ndugu zangu wa Dar na Mombasa bila AC msijaribu. Baridi ikizidi nayo anaweza kuzimika kabisa, amejikunja, wa baridi, ukadhani kafa, usimzike! Angalia kama anapumua, mpashe joto polepole mikononi, alafu daktari wa wanyama.

Kumzoesha, subiri jioni aamke mwenyewe, laza kiganja ndani na mbegu moja juu, usimshike kutokea juu maana anadhani ni ndege anamwinda.