Kuandaa Harusi ya Disko Yenye Rangi Kali Jijini Mwanza

Maharusi waliochoka na ukumbi wa vitambaa vyeupe na maua ya plastiki wafahamu mapema kwamba disko hujengwa kwa giza na taa, wala si kwa wingi wa mapambo. Kabla ya kulipia ukumbi, nendeni mkauone usiku na muombe taa zote zizimwe. Bustani za Capri Point zinapendeza mno, lakini jua la Mwanza huzama karibu na saa moja jioni, hivyo taa mtakazowasha saa kumi na moja zitakuwa zinashindana na jua bure. Tena angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kuchapisha kadi, kwa sababu wale wadudu wadogo wa ziwani huibuka kwa makundi hasa siku za mwezi mwandamo, hufuata mwanga, na hawachagui kati ya taa ya disko na sahani ya sato.

Fedha nyingi zielekezeni kwenye tufe la vioo. Lining'inizwe katikati ya uwanja wa kuchezea, lizungushwe taratibu na mota, mzunguko mmoja au miwili kwa dakika, kisha limulikwe na taa mbili zenye mwale mwembamba kutoka pembe tofauti, kwani taa inayotawanya mwanga huua vimulimuli vyote ukutani. Fundi afunge na mnyororo wa akiba, wala asilitundike kwenye bomba jembamba la turubai. Jenereta iwepo na ijaribiwe siku hiyohiyo.

Rangi tatu zinatosha: chungwa, waridi kali na zambarau, kwa mfano, na rangi ya fedha itatoka kwenye vioo vyenyewe. Vitambaa vya kumeremeta vitafuteni kwenye maduka ya Makoroboi, mjini hapohapo, kisha mpelekeeni fundi cherehani angalau miezi miwili kabla, maana suruali ya bugaluu, ile inayopanuka kuanzia gotini hadi chini, ikikosewa hapo gotini haina marekebisho.

Kamati ya harusi itauliza disko linahusiana nini na ndoa. Msibishane nayo, waombeni wazee walete picha zao za miaka ya 1970. Bugaluu na raizoni, vile viatu vya soli nene, wanavifahamu kuliko sisi, na wapo wanaokumbuka Operesheni Vijana, kampeni iliyotangazwa mwaka 1968 kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Mzee akishacheka na picha yake, mchango wake haucheleweshwi.

Usiku wenyewe, mshehereshaji amalize chakula, keki na hotuba kwanza. Kisha zilipendwa kwa ajili ya wazee, na hapo ndipo taa zizimwe na disko lianze, midundo 120 hivi kwa dakika, hadi saa iliyoandikwa kwenye kibali cha muziki. Kando ya uwanja wekeni kapu la kandambili, kwani raizoni hazivumiliki zaidi ya nyimbo kumi.