Nchi ikipiga marufuku uchimbaji wa Bitcoin, angalia hivi kabla hujauza

Uchimbaji ni kazi ya mashine zinazothibitisha miamala ya Bitcoin. Kila marufuku ikitangazwa watu wanakimbilia kuuza Bitcoin zao kwa hofu, na inaniuma kweli maana mtandao wa Bitcoin wenyewe unaonyesha wazi kama umeumia, ni kujua tu pa kuangalia.

Fungua tovuti yoyote inayoonyesha bloku, yaani mafungu ya miamala, zikiingia, za bure zipo kibao. Usihangaike na bloku moja, kuchelewa hata nusu saa ni kawaida, we hesabu za siku nzima. Zinatakiwa ziwe kama 144, yaani moja kila dakika 10, ukikuta zipo 72 tu ujue karibu nusu ya nguvu ya mashine, ndo hashireti hiyo, imezimwa.

China 2021 ndo ilikuwa hivyo. Mwezi wa 5 serikali ikasema inabana uchimbaji, mwezi wa 6 ikafika zamu ya jimbo la Sichuan na mashine zikakatiwa umeme, hashireti ikashuka karibu nusu. Mtandao haukusimama hata siku moja, ila bloku zikawa za kusubiri.

Sasa angalia zimebaki bloku ngapi hadi ugumu, yaani kazi inayotakiwa kupata bloku moja, upangwe upya. Kila bloku 2016 programu inajirekebisha yenyewe, haiombi ruhusa kwa mtu, kawaida ni wiki 2 ila bloku zikiwa za taratibu na hizo wiki nazo zinarefuka, hapo ndo watu wanachoka. Hesabu yake nyepesi: 10 gawanya kwa wastani wa dakika unazoziona. Tuseme ni 13.9, unapata 0.72, basi ugumu utashuka kama asilimia 28. Tarehe 3 Julai 2021, bloku 689,472, ulishuka asilimia 27.94, haijawahi kushuka hivyo tena, na hadi mwaka unaisha hashireti ilikuwa imesharudi.

Una muamala wa kutuma kipindi hicho? Cheki kwanza foleni ya miamala inayosubiri kuingia kwenye bloku, bloku zikipungua ada inaweza kupanda, kama huna haraka subiri marekebisho yapite. Na ukiwa umeshatuma usitume tena eti ya kwanza imepotea, iko foleni tu jamani.

Halafu fuatilia mashine zimehamia wapi, hili wengi wanaliruka. Za China nyingi zilienda Marekani na Kazakhstan, na Januari 2022 Kazakhstan ilipozima intaneti kwenye maandamano, hashireti ikayumba tena.