Kurusha droni kikazi Ulaya: namba ya mwendeshaji ndiyo inayokwamisha wengi

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2019/947 haijali kama unalipwa au la. Inachotazama ni uzito wa droni, lebo yake na unairusha karibu na nani.

1. Soma lebo kabla ya kununua. Tangu 1 Januari 2024, droni isiyo na lebo ya C (alama ya daraja lake, mfano C1) na yenye gramu 250 au zaidi hubanwa kwenye A3, kundi la kurusha mbali na watu: mita 150 kutoka makazi, maduka na viwanda. Kwa kazi za mjini haifai, hata iuzwe bei ya kutupa. Chukua yenye lebo ya C1.

2. Jisajili. Anayesajiliwa ni mwendeshaji, yaani mtu au kampuni, si droni, tena mara moja katika nchi moja tu. Mkazi hujisajili anakoishi, kampuni ilipo makao yake makuu. Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi hujisajili katika nchi ya kwanza atakayorusha. Akianzia Ureno, namba hiyo inafaa hadi Ujerumani, na kujisajili upya huko ni kosa.

Namba yenyewe huwa hivi: FIN87astrdge12k8-xyz. Kwenye stika andika herufi 16 za mwanzo tu. Zile tatu baada ya kistari ni siri: huingizwa kwenye mfumo wa utambulisho wa droni pamoja na zilizobaki, na ukiziacha namba hukataliwa. Ikikataliwa bado, huenda umeingiza namba ya cheti cha rubani badala yake. Nayo huanza na herufi za nchi, ila ina RP katikati. Stika isipopata nafasi nje, ibandike ndani ya tundu la betri.

3. Fanya mtihani. Wa makundi ya A1 na A3 ni maswali 40 mtandaoni, kupita ni asilimia 75. Wa A2, kundi la kurusha karibu na watu, huongeza maswali 30 na mazoezi ya kurusha. Vyeti hudumu miaka 5. Leseni ya TCAA au KCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, haitambuliwi.

4. Kata bima. Ujerumani huidai kwa kila droni.

5. Fungua ramani ya nchi husika: dipul kwa Ujerumani, d-flight kwa Italia. Mita 120 ni kikomo cha jumla. Ramani inaweza kukushusha zaidi au kukuzuia kabisa.

6. Kazi ikivuka masharti haya, mfano kurusha mbali usikoiona droni, kwa kawaida unahitaji kibali cha kundi maalumu. Kibali hicho hakivuki mpaka chenyewe: chini ya kifungu cha 13, peleka nakala yake kwa mamlaka ya nchi unakokwenda, ukitaja maeneo na jinsi utakavyodhibiti hatari za pale, kisha usubiri jibu. Uswisi imo katika mfumo huu tangu 2023. Uingereza haimo: huko unaanza upya na CAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga.