Kutengeneza koloidi ya fedha kwa betri, na kujua imekolea kiasi gani

Kila mwaka Kidato cha Tatu wakifika kwenye elektrolisisi (umeme kupita kwenye kimiminika na kubadilisha kemia yake), nachomeka nyaya mbili za fedha (madini, si pesa) kwenye glasi ya maji. Mwisho wa kipindi nazima taa na kuwasha leza. Mstari mwekundu unapita katikati ya maji yanayoonekana meupe kabisa, na darasa linanyamaza. Hiyo ndiyo koloidi ya fedha: chembe ndogo mno za fedha zinazoelea majini. Kutengeneza ni rahisi. Kwenye kupima ndipo wengi wanapodanganyika, na huko nitakaa zaidi.

Kwanza kabisa: maji haya hayanywewi. Wapo wanaoyanadi kuwa dawa ya kila ugonjwa, lakini mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka kwamba dawa za namna hii zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu. Stan Jones, mwanasiasa wa Montana, alijitengenezea nyumbani akayanywa. Ngozi yake ikawa ya kijivu-bluu, na rangi hiyo haitoki. Matumizi ya kweli yapo: vichungi vya maji vya udongo hupakwa koloidi hii ili kuua bakteria. Ila kwenye maji ya kunywa, WHO, Shirika la Afya Duniani, inavumilia hadi miligramu 0.1 tu kwa lita. Ya kwetu yatazidi hapo mara mia na ushee.

Hatua ya 1: Vifaa

Nyaya mbili za fedha safi, asilimia 99.9. Mwambie sonara wazi, kwa sababu fedha ya mikufu ni 925, maana yake asilimia 7.5 ni metali nyingine, kwa kawaida shaba. Betri tatu za volti 9 zile za mraba, rezista ya kilo-omu 10, multimita (kifaa cha kupima umeme), glasi, na maji yaliyokenekwa (distilled), mililita 250. Ukinunua maji ya betri dukani, soma lebo: kuna chupa za maji na kuna chupa za asidi, na zinakaa rafu moja.

Maji ya bomba usijaribu. Mwanafunzi wangu mmoja aliona uvivu kwenda stoo akakinga bombani. Kabla hata sijageuka, moshi mweupe ulikuwa unashuka kutoka kwenye waya. Klorini ya chumvi iliyomo majini ilikuwa imeikamata fedha. Tukaiacha glasi dirishani, jua likaigeuza zambarau iliyofifia. Somo zuri, lakini si la siku hiyo.

Hatua ya 2: Kuunganisha

Unga betri mfululizo upate volti 27. Rezista na multimita (kwenye miliampea) zikae kwenye njia ya umeme. Zamisha nyaya sentimita 8, ziachane sentimita 3, zisigusane. Mkondo utaanza chini ya nusu miliampea, kwa sababu maji safi hayapitishi umeme vizuri, kisha utapanda kadiri fedha inavyoyeyuka. Andika usomaji kila dakika 5. Usichoke kuandika; namba hizo ndizo kipimo chako. Waya wa hasi ukiota manyoya meusi, zima, ufute, uendelee.

Hatua ya 3: Kupima

Kile kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) cha kalamu hakiijui fedha. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kinazidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani kwa ajili ya chumvi. Kinaona ioni tu, yaani atomi zenye chaji zilizoyeyuka majini. Chembe za fedha, ambazo ndizo koloidi yenyewe, zinakipita. Kikisema 6, usiandike kwenye chupa kwamba ni miligramu 6 za fedha kwa lita.

Hesabu ya Faraday, inayokadiria fedha iliyoyeyuka kutokana na umeme uliopita, ni ya kuaminika zaidi. Miliampea 1 kwa dakika 1 huyeyusha miligramu 0.067 za fedha. Chukua wastani wa mkondo, zidisha kwa dakika, kisha kwa 0.067. Juzi wastani wetu ulikuwa miliampea 0.9 kwa dakika 60:

0.9 × 60 × 0.067 = miligramu 3.6

Gawa kwa lita 0.25, unapata kama miligramu 14.5 kwa lita. Hicho ni kikomo cha juu, kwa kuwa fedha nyingine imerudi kwenye yale manyoya.

Unaweza kuhakiki kwa kupima uzito wa waya wa chanya kabla na baada. Mzani wa sonara unaosoma gramu 0.01 hautaona kitu. Hata wa 0.001 utayumba. Fanya mizunguko minne kwa nyaya zilezile, kausha vizuri, ndipo upime.

Hatua ya 4: Kuona

Chota kidogo, dondoshea maji ya chumvi. Yakipata ukungu mweupe, hizo ni ioni. Kwenye glasi iliyobaki pitisha leza gizani. Mstari ukionekana, kuna chembe. Linganisha na glasi ya maji matupu. Leza usiielekeze machoni mwa mtu, na darasani yupo tu atakayejaribu.

Hatua ya 5: Kumwaga

Usimwage mtaroni, fedha inaua viumbe vidogo vya majini. Weka chumvi, acha mashapo yatue, uyahifadhi kwenye chupa. Sonara wangu huniuliza kila mwaka nimefikisha gramu ngapi. Kwa miligramu tatu na nusu kila mara, gramu moja inataka mizunguko karibu 280, nami ninafundisha madarasa manne tu.