Kumkinga na Kuanguka Mzee Anayetibiwa Saratani Nyumbani

Mzee anayetibiwa saratani haanguki kwa sababu ya umri peke yake. Dawa zinazomtibu hugusa neva za miguu, misuli ya mapaja, damu na usingizi wake, kisha mwili huo uliobadilika ndani ya wiki chache hutakiwa upite katika nyumba ile ile ambayo mwenyewe ameizoea tangu ujana wake. Mazoea hayo ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Nyumba zetu za mawe hapa Lamu, zenye ngazi zilizosimama wima, vidato visivyolingana kimo, vizingiti vya kuruka na choo chenye birika, yaani tangi la maji la kujengwa, ambacho sakafu yake haikauki, zinamtaka mtu ajue bila ya kutazama unyayo wake umetua wapi, na mgonjwa ambaye nyayo zimekufa ganzi hajui tena.

Shangazi yangu alipofika dripu ya nne ya paclitaxel, moja ya dawa za saratani, tulianza kuokota ndara zake njiani. Alikuwa akitoka chumbani amevaa zote mbili na akifika kiwandani, yaani uani, na moja tu, nyingine ikiwa imelala kizingitini, naye hana habari. Sisi tulicheka, na yeye akacheka. Muuguzi aliyesikia kisa hicho hakucheka. Alimwambia afumbe macho, akamgusa kidole gumba cha mguu na kumwuliza anaguswa wapi. Shangazi hakuweza kujibu.

Basi jambo la kwanza ni kuzijua dawa. Zinazojulikana sana kwa kutia ganzi miguuni na mikononi ni paclitaxel, docetaxel, vincristine, cisplatin, oxaliplatin na bortezomib, na ganzi hiyo huongezeka kadiri dripu zinavyoongezeka, hata kwa baadhi ya dawa hizo ikaendelea kuzidi kwa miezi kadhaa baada ya matibabu kwisha. Dawa za steroidi, kama dexamethasone na prednisolone, zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja, na dalili yake ni mzee kushindwa kuinuka barazani mpaka ajisukume kwa mikono. Sindano za homoni kwa saratani ya tezi dume, na vidonge kama letrozole kwa saratani ya matiti, hupunguza uimara wa mifupa, kwa hiyo anguko dogo ambalo zamani lingeacha jeraha tu sasa linaweza kuvunja nyonga. Dawa za maumivu kama mofini, tramadol, amitriptyline na gabapentin huleta usingizi na kizunguzungu, na vivyo hivyo kidonge cha mwasho au mafua kinachonunuliwa dukani bila ya mtu kukihesabu kuwa ni dawa.

Kuna jingine ambalo familia nyingi hulisahau, nalo ni dawa ya presha. Mzee aliyekuwa akimeza kidonge kile kile kwa miaka mingi akiwa na uzito wake kamili, sasa amekonda, anatapika, anaharisha na hanywi maji ya kutosha, na kidonge hakijapunguzwa. Akisimama ghafla, presha hushuka na dunia humzunguka. Mwombeni mhudumu wa afya ampime akiwa ameketi au amelala, kisha tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari aambiwe. Msimwachishe dawa yoyote kwa shauri lenu wenyewe. Tieni dawa zote katika mfuko mmoja, za hospitali, za dukani na za mitishamba, na mfuko huo uende naye kliniki kila mara.

Nyumbani mnaweza kumpima kwa kiti na saa. Aketi kwenye kiti imara chenye mgongo, ainuke, atembee kwa mwendo wake wa kawaida mita 3, ageuke, arudi na kuketi, huku mtu mmoja akiandamana naye kwa karibu bila ya kumshika. Ikimchukua sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Rudieni kipimo hicho kabla ya kila dripu, kwa kuwa majibu ya mwezi uliopita hayasemi kitu juu ya miguu ya leo.

Njia ya usiku

Kama mna nguvu na fedha za kurekebisha kitu kimoja tu, rekebisheni njia ya kutoka kitandani hadi chooni. Mzee anayepewa maji mengi ya dripu, au dawa ya kupunguza maji mwilini, huamka mara kadhaa usiku akiwa na usingizi wa dawa, gizani, na kwa haraka.

Anzeni na kitanda. Akiketi ukingoni, nyayo zake zote mbili zitulie sakafuni na magoti yakunjwe sawa kama ya mtu aliyeketi kitini. Samadari ya kupandia kwa kigoda haifai kwa sasa, hata kama ndiyo aliyoolewa nayo. Akilala ghorofani, mshusheni chini, au pale palipo karibu zaidi na choo. Jambo hili huleta ubishi, na mzee ana haki yake, kwa sababu kumtoa mtu chumbani kwake ni kumwondolea heshima aliyoijenga kwa miaka. Sisi tulifanikiwa tulipoacha kumwambia Shangazi kwamba ni mgonjwa, tukamwomba ashuke akae karibu na wajukuu mpaka dripu zimalizike.

Akiamka, asisimame papo hapo. Aketi kwanza, anyanyue na kushusha vidole vya miguu mara kumi, angoje kichwa kitulie, kisha asimame akiwa ameshika kitu kisichosogea, na angoje tena kidogo kabla ya hatua ya kwanza. Umeme hukatika, kwa hiyo taa ndogo ya sola iwake usiku kucha katika njia hiyo, kwani kurunzi humnyima mkono mmoja wa kushikia. Mikeka na mazulia madogo yaondolewe yote, hata ule mswala mzuri uliotoka Makka. Waya wa feni upite ukutani. Kanga na kanzu ya kulalia ziishie juu ya kifundo cha mguu. Ndara za kuchomeka vidole na mitalawanda ya chooni ziwekwe mbali kabisa. Mguu wenye ganzi unahitaji kiatu kinachoshika kisigino, chenye soli ya mpira isiyo nene mno, na kabla ya kukivaa mtu akitazame ndani, kwa sababu changarawe ndogo inaweza kumchoma siku nzima bila ya yeye kuhisi.

Chooni, kuchutama ndiko kunakomshinda. Seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, miguu minne mipana na mikono ya kujisukumia, kikawekwa juu ya choo mchana na juu ya ndoo karibu na kitanda usiku. Vyuma vya kushikia vifungwe na fundi anayezijua nyumba za mawe na chokaa, kwa maana skrubu fupi katika ukuta laini hung'oka siku ile ile inapohitajiwa. Ndoo, bomba na pazia si vishikio. Mzee aoge akiwa ameketi, maji na kata vikiwa upande wa mkono wake, na atawadhe akiwa ameketi vilevile, kisha akaushwe nyayo kabla ya kuvuka kizingiti; nyayo mbichi za alfajiri zimewaangusha wengi. Kwa anayepata kizunguzungu akiinuka kutoka sijida, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali ameketi, na mara nyingi neno hilo hukubaliwa haraka zaidi likitoka kwa sheikhe wake kuliko likitoka kwa mtoto wake.

Asilazwe

Baada ya hofu ya kwanza, familia humwambia mzee akae kitako na kuletewa kila kitu. Ni huruma, lakini misuli isiyotumiwa hupungua upesi, na mtu wa kulala wiki 2 huinuka akiwa dhaifu kuliko alivyolala. Siku anazojisikia vizuri, asimame na kuketi mara 5 hadi 10 kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, ajinyanyue kwa vidole vya miguu akiwa ameshika meza, na atembee kidogo uchochoroni asubuhi kabla ya punda wa mizigo hawajaanza kupita. Saratani ikiwa imefika mifupani, mazoezi yaidhinishwe kwanza na daktari. Samaki, mayai, kunde na maziwa ni sehemu ya kinga hii, na maji ya kunywa pia.

Bakora nayo ina kipimo chake: mkono ukining'inia, kichwa cha bakora kifike kwenye kifundo cha mkono, pale unapofunga saa. Hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu wenye nguvu. Ngazini, apandapo hutanguliza mguu wenye nguvu, na ashukapo hutanguliza ulio dhaifu.

Safari ya matibabu ina hatari yake ya pekee. Anayekwenda Mombasa kwa dripu hurudi akiwa amechoka na barabara, akafika Mokowe, gati ya upande wa bara, na bado ana boti ya kupanda na ngazi za gatini za kupanda, zenye utelezi wa mwani. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakitoka, boti hukaa chini sana. Mkiweza, pangeni mvuke maji yakiwa yamejaa. Mtu mmoja atangulie kushuka, mwingine abaki nyuma, na nahodha aambiwe angoje. Hakuna haja ya mzee kuruka.

Akianguka

Msimvute kwa makwapa. Mwulizeni kwanza maumivu yako wapi na kama anaweza kuisogeza miguu yote. Mguu mmoja ukiwa umefupika na kugeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Asisimamishwe, abebwe juu ya ubao au kitanda. Akigonga kichwa hali ana chembe chache za kugandisha damu, jambo linalotokea sana katika wiki ya pili baada ya dripu, au anatumia dawa ya kuyeyusha damu kama warfarin, apelekwe hospitali hata kama anazungumza vizuri, kwa sababu damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Na kama miguu imelegea ghafla, mgongo unauma na mkojo unakataa au unatoka wenyewe, huenda uvimbe unabana uti wa mgongo, nayo ni dharura ya siku ile ile.

Wazee wengi huficha. Ukimwuliza, "Umeanguka?" atasema hapana. Ukimwuliza, "Umejikwaa wapi wiki hii?" atakuonesha. Andikeni kila kujikwaa katika daftari: saa, mahali, kilichovaliwa miguuni na dawa iliyomezwa kabla yake. Daftari la Shangazi lilikuwa na mistari mitatu tu, yote ya kati ya saa nane na saa kumi usiku, na yote baada ya kidonge cha mwasho alichokuwa akikimeza alipokwenda kulala. Daktari alilisoma akiwa amesimama, akakifuta kidonge kile katika orodha, akaandika dawa ya kupaka.