Umefanyiwa uhalifu hapa Dar? Anzia hapa

Kama umepigwa, umekabwa, umebakwa au umetapeliwa, kitu cha kwanza ni usalama wako, kesi baadae. Kama aliyekufanyia bado yuko ndani, toka nje, nenda kwa jirani, kwa mjumbe, dukani, popote penye watu, alafu piga 112, hao ni polisi na hukatwi hela. Kama ni mtoto kafanyiwa kitu au unahisi kuna kitu anafanyiwa piga 116, nayo ni bure, na huhitaji kuwa mzazi wake.

Sasa kuna kitu watu wengi hawakijui. Kama aliyekufanyia unamfahamu mtaje mapema, mtaje kwa mtu wa kwanza utakayemkuta na mtaje tena polisi, jina, a.k.a. yake ya mtaani, anakaa wapi, kavaa nini. Mahakama ya Rufani imeshasema kwenye maamuzi yake kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi, kwahiyo ukikaa wiki nzima ukisubiri wazee wakae kikao ndo uje umtaje, wakili wa upande wa pili atakuuliza hapohapo ulikuwa wapi siku zote hizo.

Kama umeumia utahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Unaichukua kituo cha polisi, haiuzwi, polisi anajaza sehemu yake, unaenda nayo hospitali, daktari anajaza majeraha aliyoyaona na kitu gani kinaweza kuwa kimekuumiza, anasaini na kugonga muhuri, alafu inarudi polisi. Kabla hujairudisha ipige picha pande zote. Na muoneshe daktari kila kitu, hata lile jeraha la mgongoni unaloliona dogo, maana lisiloandikwa kwenye fomu, mahakamani ni kama halipo. Ila kama unavuja damu au umepoteza fahamu kimbizwa hospitali kwanza, ndugu atafuata fomu kituoni, usikubali mtu akuache barazani kisa karatasi.

Kwenye ubakaji naomba usome taratibu, au mtumie dada yako, mdogo wako wa kiume, yeyote. Najua mwili wote unatamani maji lakini usioge kwanza, usijisafishe, usifue zile nguo. Kama umeshaoga nenda hivyohivyo, bado unasaidika. Nguo zitie kwenye bahasha ya kaki au uzifunge kwenye gazeti, sio mfuko wa plastiki maana unyevu unaharibu ushahidi. Dawa za kukukinga na VVU lazima uanze ndani ya masaa 72, na kila saa inavyopita ndo zinapungua nguvu, kwahiyo usiseme ntaenda kesho, halafu utazimeza siku 28 bila kuruka. Vidonge vya kuzuia mimba navyo hivyohivyo, mapema ni bora. Hospitali ya Amana pale Ilala kuna kituo cha mkono kwa mkono, yani daktari, polisi na ustawi wa jamii unawapata sehemu moja badala ya kuzunguka na kurudia hadithi hiyohiyo kwa kila mtu. Ukifika hospitali yoyote ya serikali ulizia huduma za ukatili wa kijinsia, ukisema hivyo wanajua wakupeleke wapi, huna haja ya kuelezea yote mbele ya foleni. Na usiogope kwamba hakuna aliyeona, kwa sheria yetu ushahidi mkubwa wa ubakaji ni wa aliyebakwa mwenyewe.

Ukifika kituoni, kama ni ukatili wa nyumbani, ubakaji au mambo ya mtoto, omba kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto, wanaume pia wanahudumiwa. Maelezo yako wakikuandikia usome kabla hujasaini, kama kuna kosa sema lirekebishwe. Ondoka na namba ya RB, yani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na namba ya simu ya mpelelezi. RB ni bure, ukiombwa hela piga 113, ni TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa.

Umeibiwa simu? Azima ya mtu mwenye laini ya mtandao kama wako, piga 100, wafunge laini na akaunti ya pesa kabla ya kingine chochote, wezi wanawahi huko. Tapeli aliyekutumia meseji, itume 15040 pamoja na namba yake.

Mambo ya wakili sasa. Kesi ya jinai inaendeshwa na Jamhuri, yani serikali, wewe ni shahidi, kwahiyo huhitaji kulipa wakili ili mtu ashtakiwe. Ila ukihitaji mtu wa kufuatilia faili lililolala, talaka, matunzo ya watoto au kukuelewesha tu, kuna Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC), Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), wote wako hapa Dar na wanasaidia wasio na uwezo bila malipo. Mtaani kwako ulizia pia msaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua.

Siku utakayomuona mtuhumiwa amerudi mtaani usife moyo, mara nyingi hiyo ni dhamana, kesi haijaisha. Akikutisha au akituma watu na bahasha ya hela ili mkayamalize nyumbani, tunza meseji zote na mwambie mpelelezi siku hiyohiyo. Tarehe ya mahakama usiikose, mashahidi wasipotokea ndo kesi nyingi zinapofia.

Na risiti za hospitali, za dawa, za nauli, tunza zote kwenye bahasha moja. Mwambie mwendesha mashtaka mapema kabisa kwamba unataka fidia, maana mahakama ikimtia mtu hatiani ina uwezo wa kuamuru akulipe, lakini lazima kuwe na mtu wa kuiomba na kitu cha kuonesha.